Msimbo wa Posta

Fomu ilitaka msimbo wa posta.
Mumbere, mwenye kompyuta pale Birere,
akasema andika sufuri tano, mashine haiijui Goma.
Nikaandika sufuri tano.
Mengine yote niliyaandika kweli,
kama mtu anayeandikisha mtoto komini:
Kanyere Masika. Kartie Mabanga. Nyumba ya bati la buluu,
nyuma ya mashine ya unga ya Mama Nsimire.
Na nambari ya simu, ile moja niliyo nayo.

Kwa dola kumi na mbili nikawa na jina duniani.
Mumbere aliliita kikoa. Nikacheka:
nilifundisha Kiswahili miaka sita
kabla mshahara haujapotelea njiani,
na kikoa, niliwaambia watoto, ni chakula cha zamu,
leo kwangu, kesho kwako,
mlango wazi, kila mkono sahanini.

Niliweka bei. Bei tu.
Maharage ya Rutshuru. Viazi. Gunia la makala.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, bei ya barabara:
kamba ngapi zimetandazwa njiani, kila kamba inadai nini,
ya kwanza faranga elfu mbili,
ya tatu gunia zima.
Wenye malori walinitumia ujumbe usiku.
Sikuandika jina la mtu yeyote.
Jina moja tu lilikuwa nje, nami sikujua.

Simu ililia saa nne, umeme umekatika.
Sauti ya mtu aliyekula akashiba.
Hakutukana. Hakutisha. Alisoma.
“Kanyere Masika. Kartie Mabanga. Bati la buluu.”
Akanyamaza, kama anayegeuza ukurasa.
“Na hizi sufuri tano ni za nini, mwalimu?”

Mabanga hatuna udongo, tuna mawe meusi.
Usiku ule nililisikia kila jiwe
likilalamika chini ya kiatu.
Alikuwa Mama Nsimire anakwenda msalani.

Asubuhi Mumbere akanionyesha daftari.
Liko wazi kwa ulimwengu mzima.
Uliza jina lolote, linakutajia mwenyewe ni nani
na analala wapi.
Walilitunga watu, akasema,
ambao mlango ukigongwa
hudhani ni barua.

Nikafikiri: nitaandika nyumba ya baba,
iliyolala chini ya lava tangu elfu mbili na mbili,
pamoja na vitanda, pamoja na cherehani.
Miguu yangu bado inaijua gizani.
Anwani ya kweli, na hakuna atakayeigonga.
Lakini sheria yao ni kali: ukidanganya, jina linachukuliwa.
Nilishindwa kuamua kama ule ungekuwa uongo.

Kuna njia nyingine, dola nne kwa mwaka.
Kampuni fulani, mbali, inasimama mlangoni badala yako.
Anayeuliza anapewa jina lao na sanduku lao la barua;
ukweli wako wanaufungia drooni.
“Na ufunguo wa droo anao nani?”
Mumbere akainua mabega.
Mwalimu, hata kufuli lina fundi wake.

Nililipa. Riziki alikwenda shule na viatu vya mwaka jana.

Leo ukiuliza utajibiwa: imefichwa kwa faragha.
Maneno matatu, shuka juu ya mtu aliyelala.
Ila yule alikwisha kusoma,
na kilichosomwa hakirudi kwenye wino.

Kwa hiyo Jumamosi niliazima ngazi.
Nilipanda na ndoo ya rangi, majirani wakitazama,
nikalipaka bati kahawia, kahawia ya kutu,
mpaka likafanana na mabati yote ya mtaa.
Nikashuka. Nikanawa mikono kwa mafuta ya taa.
Kisha nikaketi nikaandika, kwa herufi ndogo:

leo, kamba tano.
Ile ya tatu imepanda.